Mwaka Nilioachwa kwa Kura

Aliyenichumbia hakuwa mume wangu. Alikuwa mkewe.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kila asubuhi nilikwenda kisimani na wasichana wenzangu, upande wa bondeni wa kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Kengeja. Siku hizo mwanamke mmoja mrefu, mtu mzima kuliko sisi, alianza kuja wakati wetu, hali wanawake wa makamo yake walikuja jua likishapanda. Hateki maji. Anaweka ndoo yake chini, anakaa juu ya jiwe, anatazama. Alinitazama ninavyovuta kamba, ninavyompisha bibi kizee mbele yangu, ninavyojibu nikitaniwa. Siku ya nne alinifuata njiani.

"Mwanangu," akanambia, "miye nna mume, na mume wangu mtu mwema. Nimezaa mara tatu na wote watatu nimezika. Ataoa tu, leo au kesho, na akitafuta yeye ataniletea mtu wa kunikondesha. Nimeona bora nitafute mwenyewe. Weye unasemaje?"

Nilicheka kwa haya, ndoo ikayumba kichwani, maji yakanimwagikia shingoni. Mpaka leo nayakumbuka maji yale yalivyokuwa baridi kuliko ninavyoikumbuka harusi yenyewe.

Kwetu tulikuwa tukiitwa watu wa bara. Babu yangu alikuja kijana kuchuma karafuu msimu mmoja, msimu ukamalizika yeye akabaki, akaoa, akasali, akazikwa nyuma ya msikiti. Baba yangu alizaliwa hapa hapa na bara hakuijua hata kwa kuonyeshwa kidole. Mume wangu na yule mkewe wa kisimani, Bi Mkubwa, walikuwa watu wa asili ya kisiwa, wa mababu na mababu. Miaka ile jambo hilo lilikuwa la utani tu. Siku ya harusi mashangazi wa mume waliimba kwamba kijana wao kaenda kuoa bara na wala hakupanda chombo, na mama yangu akacheka mpaka akajifuta machozi.

Nikiifikiria miaka ya kwanza ya ndoa yangu naiona kama mtu aonavyo kitu kupitia moshi wa makumbi: kinatikisika, kinapotea, kinarudi. Nyumba zetu mbili zilitazamana, jiko moja katikati. Mimi nilimwita Bi Mkubwa, yeye aliniita mwenzangu. Mchana tulikaa kivulini tukasuka ukili, yeye upande wake na mimi upande wangu, na maneno yakenda na ukili, hayana mwanzo wala mwisho. Msimu wa karafuu uwanja wote ulitandikwa majamvi, na harufu ikaingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye wali, kwenye nguo za mtoto. Maana nilijaliwa mtoto wa kike mwaka wa pili. Alinyonya kwangu akalala kwake. Alipoanza kusema alituita sote Mama, na akitaka kututafautisha alisema Mama wa huku na Mama wa kule, na huku na kule kulibadilika kwa kutegemea kasimama wapi.

Mume wetu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikuwa na shamba la mikarafuu si kubwa, na katika Ramadhani ndiye aliyepewa kusoma Kurani msikitini baada ya alasiri, kwa sababu ya sauti hiyo hiyo. Akichinja kuku alitazama pembeni. Nasema haya kwa sababu watu waliomjua baadaye wangedhani namsingizia wema.

Siasa ilikuja kama harusi. Magari yalipita barabarani yamejaa watu, ngoma juu, kipaza sauti juu, na wanawake wamevaa kanga sare. Mume wetu alikwenda mkutano wa kwanza kwa kuwa aliambiwa kutakuwa na pilau. Alikwenda wa pili kwa kuwa jirani alimpitia. Wa tatu akarudi ni karani wa tawi, maana alikuwa na mwandiko mzuri. Tukafurahi. Bi Mkubwa akamfulia kanzu kwa buluu, nami nikaipiga pasi.

Sijui siku gani sauti yake ilibadilika. Nakumbuka tu kwamba jioni moja nilikuwa nikikuna nazi, naye alikuwa barazani akituambia habari za mkutano, nikahisi anatusemesha kana kwamba tuko watu mia. Na neno "wale" likaanza kukaa nyumbani kwetu. Wale wanataka hivi. Wale wametia sumu kule. Nilikuwa na baba, mama na kaka mmoja, na wote watatu, kwa kuwa ni watu wa bara, walikuwa wale.

Kisha mambo madogo madogo yakaanza kukatika, moja baada ya jingine. Kulikuwa na maduka mawili kijijini, likawa moja la huku na moja la kule, na mtu akatembea nusu saa kununua chumvi ilhali chumvi iko mbele ya mlango wake. Fundi seremala alikuwa akitengeneza mlango wa mtu, akasikia mwenye nyumba ni wa chama kingine, akaacha mlango nusu, akatia randa kapuni, akaondoka. Mlango ule ulikaa umeegemezwa ukutani mwaka mzima. Watu waliacha kusalimiana njiani, nasi ni watu ambao salamu zetu peke yake zinaweza kuivisha chungu cha maharage. Wengine waliacha hata kusali nyuma ya imamu wao.

"Baba yako namheshimu," mume wangu alinambia, "lakini punguza kwenda. Watu wananitazama miye."

Nilipunguza. Lakini Bi Mkubwa alikuwa na njia zake. Akiona nimekaa kimya mno alinisukuma kwa kiwiko. "Nenda kamwone mama yako. Bwana akiuliza nitasema uko chooni." Siku moja mume alirudi mapema kutoka tawini, akauliza, akajibiwa niko chooni, akaketi barazani kunisubiri. Mimi nilikuwa kwa mama nachambua kisamvu. Niliporudi kwa njia ya nyuma, nikajitokeza chooni huku nikijipangusa mikono, mume wangu alinitazama kwa huruma. "Tumbo?" akauliza. "Tumbo, Bwana," nikasema. Bi Mkubwa aliingia ndani akajifunika mto usoni, kwa kucheka.

Baba yangu alikuwa amenitia skuli miaka minne, jambo ambalo watu wengi hawakulifanya kwa mtoto wa kike. Kwa hiyo ulipofika mwaka wanawake walioruhusiwa kupiga kura, mume wangu aliniona kama dhahabu iliyokuwa imefukiwa uwanjani mwake. Mke anayejua kusoma! Alinitaka niwafundishe wanawake wa chama kutia alama. Walikuja kumi, kumi na tano, baada ya adhuhuri, wakakaa mikekani. Nilikata karatasi, nikachora picha, nikawapa kalamu ya risasi.

Bi Mkubwa kalamu ilimponyoka vidoleni. "Kalamu nyepesi hino," alisema, "mbona inanishinda? Miye nnabeba mzigo wa kuni."

Nikamshika mkono nikauongoza. Alama yake ya kwanza ilitoka nje ya karatasi ikaenda mpaka kwenye mkeka, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Ilikuwa furaha. Sitasema haikuwa furaha. Wanawake wale hawakuwahi kuulizwa na serikali yoyote wanataka nini, na alasiri zile walishika kalamu kama mtu anavyoshika kifaranga.

Wiki mbili kabla ya kura baba yangu alifariki.

Ilikuwa asubuhi, masika inamalizika, mvua nyembamba isiyosikika juu ya makuti. Kaka yangu alikuja kunipa habari akasimama mbali, barabarani, hakuingia uwanjani kwetu. Nikavaa buibui nikatoka mbio. Mume wangu alikuwa keshavaa kanzu na kofia, amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, anakuja. Wakati huo huo mtu mmoja wa tawi alipita njiani na mwamvuli. Alimsalimu mume wangu, akaitazama kofia yake, akatazama upande wa kwetu, akapita zake. Mume wangu aliurudisha mguu ndani. Akavua kofia. Akakaa kitini.

"Tangulia," akanambia. "Nitakuja kumsomea baadaye."

Baba yangu alibebwa na watu wachache waliopokezana jeneza mara nyingi mno, kwa sababu hawakutosha. Kaka yangu alichimba, akaoga udongo. Watu wa upande wa juu wa kijiji, wa chama cha mume wangu, waliomjua marehemu tangu utotoni walifunga madirisha, nadhani kwa aibu, ili wasilione jeneza likipita. Na katikati ya njia ile, mvua ikinyesha, nilimwona Bi Mkubwa anakuja. Hakupita vichochoroni. Mtoto wangu kiunoni, pishi ya mchele kichwani, anatembea kama mtu anayekwenda shambani kwake. Alikaa kwetu siku zote tatu za matanga. Alipika, akaosha sinia, akalala sakafuni ubavuni mwa mama yangu. Mume wetu hakumgusia neno aliporudi. Wala hakwenda kumsomea baba yangu.

Siku ya kura tulipanga foleni skulini, wanawake mbali na wanaume mbali. Mabuibui yetu yalikuwa mengi hata uwanja ukawa mweusi. Kulikuwa na askari, na karani mgeni aliyekuwa akikohoa. Zamu yangu ilipofika nilipewa karatasi nikaingia nyuma ya pazia la gunia. Mle ndani mlinuka chaki. Nilikuwa peke yangu. Jambo hilo lilinishangaza. Nilitoka kwa baba nikaingia kwa mume, nikalala na watu, nikala na watu, nikasuka na watu, na pale kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa kunitazama. Sauti za nje zilikuwa za mbali, kama za watu walio ng'ambo ya maji. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mkono wangu ukishuka kwenye karatasi taratibu, nami nikiutazama.

Chama cha mume wangu kilishinda kwetu. Kutoka Unguja kulikuja habari mbaya, za watu kuuana mitaani kwa ajili ya kura hizo hizo, na kwa siku kadhaa kila mtu alisema polepole. Kisha zikazoeleka. Ijumaa moja mume wetu alirudi kutoka Chake Chake na kanga doti mbili, moja yangu na moja ya mwenzangu, na samaki. Tulipika wali wa nazi. Tulikula pamoja, jambo ambalo halikuwa la kila siku, na alikuwa na furaha hata akarudia sauti yake ya zamani.

"Wake zangu," akasema, "nyiye ndio mlioniinua. Au sivyo?"

"Siri ya kura kama siri ya chumbani, Bwana," Bi Mkubwa akajibu. "Haiulizwi."

Akacheka. Akanigeukia. "Na weye, mwalimu?"

"Kura ni siri, Bwana."

"Siri kwa watu. Miye ni mumeo."

"Basi usiniulize."

Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Aliuweka mkono wake juu ya ukingo wa sinia. "Apa," akasema. "Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ulitia pale nilipokuonyesha, tumalize kula."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuapa. Bi Mkubwa alinikanyaga mguu pale mkekani, na nilijua maana yake. Uongo mdogo, na siku ile ingepita. Lakini baba yangu alikuwa hajatimiza hata arubaini.

"Sitaapa uongo," nikasema. "Nilitia kwa wale waliomchimbia baba yangu kaburi."

Alisimama. Vidole vilikuwa na wali. Alipotamka talaka ya kwanza Bi Mkubwa alimrukia akataka kumziba mdomo kwa kiganja, akipiga kelele, "Moja, Bwana! Moja! Ishia hapo!" Wali ukamganda mume wangu ndevuni. Akamsukuma, akatamka ya pili. Akatamka ya tatu. Kisha kuku akaja akadonoa kwenye sinia, na hakuna aliyemfukuza.

Nilikaa eda kwa mama yangu, mimi na mtoto. Siku zile zimo kichwani mwangu bila mpangilio, kama ndoto ya homa. Naona ukuta. Naona mtoto anakwenda mlangoni, anaita, "Mama wa kule! Mama wa kule!" na hakuna kule tena. Sikulia sana. Nilikuwa nasinzia mchana na kuamka nikidhani nasikia kinu cha mwenzangu.

Siku ya tisa nilikisikia kweli. Nilitoka nje nikamkuta uani, kavua buibui, anamtwangia mama yangu mpunga.

"Umefuata nini?" nikamwambia. "Atakuacha nawe."

"Kakuacha yeye," akasema bila kusimamisha mchi. "Siye hatukuachana."

Ndiye aliyeniletea habari kwamba mume wetu hali chakula. Alikuwa ameanza kujuta kabla jua la siku ile halijatua. Alikwenda kwa Shehe wetu, mzee aliyemfundisha Kurani tangu alifu, akamwuliza kama pana mlango. Shehe alimwuliza maswali matatu. Ulikuwa na akili zako? Ulikuwa ukijua maana ya tatu? Ulizitamka kwa ulimi wako? Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Basi mwanamke yule si wako," Shehe akasema, "mpaka aolewe na mume mwingine kwa nia ya kweli, wakaachana kwa kudra ya Mungu. Nami nisisikie mtu anapanga mchezo." Wapo waliotaka kupanga mchezo huo. Walimtuma mtu kwa kaka yangu, akawafukuza. Mimi nilisema kwamba nimetoka katika nyumba ile kwa ukweli, sitarudi kwa hila.

Tukaishi hivyo. Kila Ijumaa mtoto alikwenda kulala kwa Bi Mkubwa, na baba yake akamchukua mapajani, na Jumamosi akarudi kwangu ananuka karafuu.

Uhuru ulikuja, ngoma zikapigwa, na baada ya mwezi mmoja tu, asubuhi ya jua kali la kaskazi, redio ya dukani ikasema kwamba serikali imepinduliwa Unguja. Kwetu hakukutokea kitu. Hilo ndilo lililotisha. Siku nzima, na ya pili, na ya tatu, jua liliwaka, mawimbi yakaja na kurudi kwenye mikoko, na hakuna mtu aliyetwanga. Watu walitembea kama wamo ndani ya maji. Upande wa juu walikuwa wakikunja vitambulisho vya chama na kuvitia jikoni. Upande wetu watu walikuwa wakitazamana, hawajui kama wacheke.

Kisha wakaja wenye bunduki, na Kamati ya kutawala kijiji ikaundwa, na kaka yangu akatiwa katika Kamati. Siku ile kwetu tulichinja mbuzi. Nilikula nikashiba. Nilisema, laiti baba angekuwepo leo.

Baada ya wiki kadhaa gari lilipita na kipaza sauti: watu wote, wake kwa waume, uwanja wa mpira, saa nne asubuhi, asikose mtu. Tulikwenda. Tulipangwa duara. Wakaletwa wanaume tisa, na wa nne alikuwa baba wa mtoto wangu. Walisomewa kwamba walikuwa maadui wa nchi. Fundi seremala alikuwemo. Alikuwemo na Shehe, na hao wawili ndio walionifanya nishike mkono wa mama yangu. Waliamriwa walale kifudifudi, mmoja mmoja, na wakachapwa bakora mbele yetu, na wale waliowachapa walihesabu kwa sauti.

Baada ya kila mtu tuliamriwa kupiga makofi.

Ilipofika zamu yake nilitazama chini. Nilikuwa nimeazimia kutopiga. Nilisikia hesabu, nikasikia na kitu kingine, sauti ile ndogo niliyoijua. Walipomaliza makofi yakaanza, na askari mmoja kijana aliyesimama mbele yetu akanitazama mikono. Nikapiga. Nikapiga makofi mawili, matatu. Mama yangu naye alipiga. Wanawake wote tulipiga, na mtoto wangu, aliyekuwa begani kwangu, akadhani ni mchezo, akapiga naye.

Siku ya tatu Bi Mkubwa alikuja. Hakuja kwa njia ya shambani, kwa kujificha. Alikuwa amekonda ghafla.

"Mgongo umefanya usaha," akasema. "Hospitali Chake hataki, anaogopa kuonekana. Weye bibi yako alikufundisha dawa. Njoo."

Nilichuma mshubiri na majani niliyoyajua, nikatwaa mafuta ya nazi na manjano, tukaandamana mchana kweupe, barabara kuu, watu wakitutazama kupitia nyufa za madirisha. Uwanja ulikuwa ule ule. Nyumba niliyokuwa nikikaa mimi ilikuwa imewekwa kuni. Mimi na baba wa mtoto hatukuwa mke na mume tena, sikuweza kuingia alimolala, kwa hiyo nikakaa nje chini ya ukuta wa udongo wa chumba chake, nikatwanga. Bi Mkubwa alichukua dawa akaingia, akatoka, akaingia.

"Nani anatwanga?" nikamsikia akiuliza.

"Unamjua anayetwanga," Bi Mkubwa akajibu.

Niliendelea kutwanga, ingawa dawa ilikuwa imeshalainika.

"Mwambie," akasema, "anisamehe ya baba yake."

Bi Mkubwa alichungulia mlangoni kunitazama. Ningeweza kujibu mambo mengi, nilikuwa nimeyaweka tayari miaka miwili na zaidi. Nilichosema ni, "Mwambie miye nilipiga makofi."

Hakungoja kuambiwa. Ukuta ulikuwa mwembamba. "Nilikuona," akasema. Kisha, baada ya kuvuta pumzi, "Ulikuwa na mtoto. Hata miye ningepiga."

Nilikwenda siku kumi mfululizo mpaka mgongo ukafunga. Hatukusema tena lolote katika hayo. Siku moja tu aliniuliza kupitia ukutani kama mvua itanyesha, nikamwambia sijui, mawingu yako upande wa Wambaa.

Nilidhani kwamba hiyo ndiyo zamu yao, kama ilivyokuwa zamu yetu, na kwamba kaka yangu katika Kamati atatuweka salama. Kaka yangu aliambiwa aandike majina ya watu wanaosema vibaya. Aliandika machache. Akaambiwa aongeze. Akasema hawajui wengine. Akaambiwa fikiri vizuri. Safari ya kwenda Unguja ikawa kwa ruhusa, harusi kwa ruhusa, hitima kwa ruhusa, na mtu akitaka kusema jambo na mkewe alimpeleka shambani kwanza. Siku moja kaka yangu alirudisha daftari likiwa tupu. Wakaja kumchukua asubuhi wakati anapiga mswaki. Alikaa kifungoni Chake miezi mitano. Alirudi kichwa kimenyolewa, akakaa barazani kwa mama, na tangu siku hiyo hakusema kilichompata, wala hakuwa tena na chama, si hiki wala kile. Mtu akianza siasa mbele yake alinyanyuka akaenda kulisha kuku.

Baba wa mtoto wangu aliondoka bila ya ruhusa. Asubuhi moja hakuwepo, na baadaye ikajulikana kwamba amevuka na wenzake mpaka Mombasa. Hakumwambia Bi Mkubwa, ili akiulizwa asiwe na la kuficha. Bi Mkubwa alichukuliwa, akaulizwa siku mbili, akarudi, maana kweli hakuwa na la kusema. Nyumba ikapewa mtu mwingine. Bi Mkubwa akaja kwetu na mkeka, chungu, na furushi la nguo, akasimama mlangoni.

"Hodi," akasema, kana kwamba ni mgeni.

Mtoto alikuwa wa kwanza kumfikia.

Miezi michache baadaye karani wa Kamati alipita nyumba kwa nyumba kuandika watu. Alikuwa kijana mpole, jasho linamtoka, daftari magotini. Aliniandika mimi, akamwandika mama, kaka, mtoto. Akamwona Bi Mkubwa jikoni.

"Na yule nani wako?"

"Mke mwenzangu," nikasema, kwa mazoea.

"Mume wenu ni nani? Yuko wapi?"

Nikajikaza. Kutaja jina la mtu aliyekimbia kulikuwa jambo la hatari, na kijana alikuwa keshaiweka kalamu tayari. Bi Mkubwa akatoka na mwiko mkononi.

"Andika dada," akamwambia.

"Dada wa baba mmoja, bibi, au mama mmoja?"

"Andika lolote, mwanangu. Muhogo wangu unaungua."

Akaandika. Bi Mkubwa akarudi jikoni akaepua chungu, akamwekea kijana sahani, maana alikuwa anatoka mbali na ilikuwa saa ya kula.